Sahani ya Kijani ya Mdogo Wangu

Watu wakiniuliza habari za vita vya mji wetu wa Bunia, wanataka niwaambie risasi zililia namna gani na nani alikimbilia wapi. Nimechoka na habari hizo. Kinachonirudia mimi ni tonge la bugali: mdogo wangu analikata, analifinyanga polepole, analichovya kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, kisha analirudisha ukingoni mwa sahani, upande wa mtu mwingine.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Saio, wanawake tulikula jikoni, mikono yote kwenye sahani moja kubwa: Mama, mimi, mdogo wangu, na shangazi aliyetukimbilia kutoka Djugu pamoja na watoto wake. Kwenye sahani ya namna hiyo nani atajua nani amekula nini? Mkono wa mdogo wangu ulikuwa unaenda na kurudi kama mikono yetu. Yeye ndiye kitinda mimba, kwa hiyo ndiye aliyeombea chakula, na sala zake zilikuwa ndefu mpaka bugali inapoa. Sisi tukila, yeye alihudumia: maji, chumvi, mboga kidogo kwa watoto. "Ona huyu mutoto, iko na moyo muzuri," Mama alikuwa akisema. Moyo mzuri, kweli! Kumbe alikuwa anatukimbia mbele ya macho yetu.

Halafu akaanza kufunga. Mji mzima ulikuwa unafunga. Katika kila chumba cha maombi, kutoka kwetu mpaka mtaa wa Rwambuzi, watu walifunga ili vita viishe, na jua likizama walirudi nyumbani wakala. Yeye hakula. Mama wa maombi, yule aliyewaongoza wanawake wa mtaa wetu, alimsimamisha mbele ya watu akasema tazameni, msichana wa shule anatushinda sisi wazee. Mama yangu alipiga vigelegele.

Tulishtuka siku kikwembe kilipomwanguka kisimani. Alikuwa ameinama kuchota maji, fundo likafunguka, na kabla hajajifunika tuliona mifupa ya nyonga na ya mgongo, yote. Mama alikaa chini kwenye matope akalia. Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Tulimbembeleza, tukamtisha, tukamtukana, na yeye akazidi kupungua.

Mimi nilikuwa mwalimu, lakini shule ilikuwa imefungwa, nikapata kazi ya kukoroga uji katika kituo cha watoto waliodhoofika kwa njaa. Kutwa nzima nawalisha watoto ambao mama zao hawana hata muhogo, halafu narudi nyumbani namkuta mtu anakataa sombe yenye mafuta! Hasira ilinipanda. Nilimshika kidevu nikamwambia, "Batu wanakufa juu ya kukosa, weye unataka kufa juu ya kukataa? Iko nini mu kichwa yako?"

Hakunikasirikia. Alisema kwa jina analoniitia dada yake mkubwa, "Yaya, nikikula, kichwa inanipigia makelele. Nikiacha, inanyamaza. Ni hapo tu niko na amani."

Mama wa maombi alikuwa na jibu lake: ni pepo, na ili pepo atoke, mtoto afunge kufunga kukavu, bila hata maji, nyumba yote ifunge pamoja naye. Mtu anakufa kwa kutokula, tumtibu kwa kutokula! Na Mama akakubali. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Asubuhi nilimshika mdogo wangu mkono, nikaenda naye kazini, nikamketisha kwenye benchi kati ya akina mama wenye watoto wachanga. Alikuwa na aibu, na mimi pia.

Daktari wa kituo alikuwa mama mzungu aliyekonda kwa kazi, macho mekundu kila siku. Alimpima mapigo ya moyo, akampima mkono, akamuuliza maswali kwa Kifaransa, mimi nikitafsiri. Nilipofika kwenye yale makelele ya kichwani, aliacha kuandika. Akasema huo ni ugonjwa, unaitwa anorexie, na kwamba kwao kuna watafiti wanaoutafuta ndani ya ubongo, kwa mashine inayopiga picha ubongo ukiwa kazini. Ubongo wa mtu mwenye njaa kwa kawaida unafurahi ukiona chakula. Kwa wagonjwa hawa inaonekana unaogopa, na kukataa ndiko kunakowapa utulivu. Kisha njaa yenyewe inaudhoofisha ubongo, mawazo yanaganda mahali pamoja, kwa hiyo kumhubiria au kumtukana ni bure. Alishwe kwanza. Tena kidogo kidogo, maana mwili uliozoea kukosa, ukijazwa ghafla, mtu anaweza kufa akiwa ameshiba.

Nikamuuliza kama hao watafiti wamepata dawa. "Bado," akasema. "Tulicho nacho ni chakula, na mtu wa kukaa karibu naye."

Nilikasirika tena. Mashine zote hizo, na jibu ni uji! Lakini nilirudi nyumbani na kitu kimoja: mdogo wangu hakuwa mkaidi. Alikuwa mgonjwa.

Daktari alitaka awe na sahani yake peke yake, ili tuone alichokula na alichobakiza. Hapo Mama akawaka. "Mutoto wangu haiko mugeni, haiko mulozi! Namna gani akule peke yake?" Na kweli, kwetu anayetengewa sahani ni mgeni, au ni mtu anayeogopwa. Nilimweleza mambo ya ubongo, akanicheka. Wazungu wanafungua vichwa vya watu sasa?

Nikamwambia, "Mama, ile siku mabomu ilianguka karibu na soko, tulikuita, haukusikia. Miguu yako ilikataa. Ulikuwa mukaidi?"

Akaacha kucheka.

"Basi huyu iko vile kila saa anaona bugali."

Mama alijifunga kikwembe akaenda sokoni, akarudi na sahani ya bati, ya kijani. Kule kufunga kukavu hakukutajwa tena.

Nisidanganye kwamba ilikuwa rahisi. Mama alikaa mbele yake na maharage yake ya kuchambua mpaka sahani iishe, na mara nyingi haikuisha. Mdogo wangu alilia, alificha uji, aliwamwagia kuku. Tulichoka mpaka tukawa hatusalimiani vizuri asubuhi. Ila taratibu mashavu yakarudi kidogo, na siku moja akamtania shangazi, tukatazamana.

Kisha mapigano yakaingia mtaani kwetu na tukakimbia, kila mtu na alichoshika, mpaka kwenye kambi iliyokuwa karibu na uwanja wa ndege. Pale chini ya turubai shangazi alipata sufuria ya mahindi yaliyochemshwa, tukaizunguka, mikono yote ndani. Mdogo wangu aliurudisha mkono wake.

"Siwezi, Yaya," alisema. "Humu sitajua mwisho ya sehemu yangu iko wapi."

Moyo wangu ulivunjika. Niliona kazi yote ya miezi ile inamwagika pale pale, na nguvu ya kuanza upya sikuwa nayo.

Mama alivuta furushi lake akalifungua. Humo alikuwa akiweka Biblia yake kila tulipokimbia, hakuwahi kuisahau. Akatoa sahani ya kijani.

"Na Biblia?" nikamuuliza.

"Biblia nitaazima kwa jirani," alisema. "Hii, nani atanipa?"

Akapakua mahindi, akaisukuma sahani mbele ya binti yake, akakaa. Mdogo wangu aliombea chakula, sala fupi sana, kisha akala huku analia, mpaka tukaona kijani cha chini.