Walikipigia Makofi Kilio cha Mama

Jamani, nimemkosea mama yangu, na sitafuti pa kujificha. Kosa ni langu, mikono ni yangu hii.

Mimi hufundisha watoto piano hapa Kisumu. Mwaka jana nikajitosa kutunga vipande vifupi vya piano peke yake, bila mwimbaji. Kimoja nilikitoa kwenye kelele za soko la Kibuye, kingine kwa kina mama wa ufuoni Dunga wakibishania bei ya samaki. Vilikuja vizuri, ila cha mwisho kilinikataa kabisa.

Ndipo nikakumbuka simu yangu.

Tulipomzika Baba kule Kombewa, Mama alizunguka uani akimlilia kwa wimbo, kama wajane wa kwetu wafanyavyo. Alimtaja kwa majina yake ya sifa, akamwuliza boma amemwachia nani. Mimi, mwanawe wa kwanza, badala ya kumshika mkono nilimrekodi. Nilijiambia ni kumbukumbu. Uongo mtupu! Hata pale kaburini nilikuwa nikitafuta noti za wimbo wake kichwani.

Basi nikakichukua kilio kile, nikakitia kwenye vidole. Nikakipiga katika ukumbi wa kanisa, Mama nimemketisha mbele, nikidhani atafurahi. Mpumbavu mimi!

Nilipomaliza, ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Mama pekee alibaki ameketi, leso mdomoni.

"Nyathina, mwanangu," aliniambia nje, sauti chini, "hiyo ni kilio yangu. Mimi nalilia baba yako, kumbe wewe unashika simu? Na sasa watu wanapiga makofi?"

"Mama, nilitaka Baba akumbukwe."

"Si ungeniuliza?"

Nilichoma karatasi nilizoandikia kipande kile, nikaifuta ile sauti kwenye simu. Haikusaidia. Mwezi uliopita tulimzika dada yake Mama, aliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Wanawake wote walimlilia kwa nyimbo. Mama alisimama tu.

"Mlilie dada yako, Mama," jirani akamwambia.

Mama akanitazama, kisha akatazama mfuko wa suruali yangu. Alinyamaza hivyo hivyo hadi kaburi likajaa udongo.

Ee Mungu wangu! Nilimnyang'anya hata kilio.

Ninyi mnaotunga, mnaorekodi kila kitu, nawasihi: mzazi akilia, wekeni simu chini mumshike mkono. Mimi siku hizi nikienda kwake naiacha simu nje ya mlango, lakini Mama haimbi tena, hata akiosha vyombo.