Baada ya Jembe Kuishinda Nyumba

Mume wangu aliposhindwa ubunge, wanaume wa kijiji walihamia barazani kwetu kana kwamba kuna msiba. Walivua viatu, wakatoa pole, wakakaa. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba akiwakatia ng'ombe majani, basi wakaanza kumpima kama anavyopimwa mbuzi wa kuuzwa.

"Akili anazo," alisema mmoja. "Kwa akili hatuna ugomvi."

"Hasira ndizo zilizomwangusha," akadakia jirani yetu.

"Hasira wapi," akasema wa tatu. "Hana maneno yule. Mbunge lazima awe na maneno."

Mimi nilikuwa namimina chai. Nilitamani niwamwagie miguuni. Wanakunywa chai yangu, kwa maziwa ya ng'ombe ambao mume wangu alikuwa akiwahangaikia saa ile ile, huku wanamvua nguo. Adabu tu ndiyo iliyonizuia. Ila mimi niliyempigia pasi mashati miaka yote ile nilikuwa na hukumu yangu, na hakuna aliyeniuliza. Sasa nitaisema.

Akili alikuwa nazo kweli. Wakati wa Mwingereza tulilazimishwa kulima matuta kukingama milima, udongo usichukuliwe na mvua. Asiyelima alipelekwa baraza la jumbe akatozwa faini. Nililima matuta hayo nikiwa na mimba ya kwanza, mgongo unaniuma mpaka machozi. Mume wangu wakati huo alikuwa mwalimu kijana. Siku moja alisimama mbele ya bwana shamba na watu wote, akamuuliza ni lini yeye mwenyewe aliwahi kushika jembe. Kazi ya ualimu ikaota mbawa siku hiyo hiyo, lakini jina lake likafika mpaka Mlalo, mbali na kwetu. Uhuru ulipokuja, watu walimpeleka bungeni, na yale matuta wakayavunja kwa miguu. Na mimi niliyavunja. Sioni haya kusema.

Kisha mvua zikanyesha kama zinavyonyesha kwetu. Udongo ukateremka mtoni, maji yakawa mekundu kama chai ya rangi. Mahindi ya mlimani yakatoka membamba, ya njano, hata ng'ombe hawakuyashangilia. Mume wangu kila aliporudi kutoka bungeni alikuwa akipanda na kushuka mashambani, peke yake, na suruali yake ya Dar es Salaam. Jioni moja akaingia jikoni akasema, "Mama watoto, Mwingereza alikosea kututia adabu. Lakini kwa habari ya udongo hakukosea."

Nikamwambia lile aliweke tumboni mpaka kura zipite.

"Nikilificha leo nikalitoa baada ya kura, nitakuwa nimewahadaa," akasema.

Nilikasirika, na nilijivuna pia, vyote kwa pamoja. Sijui kama kuna mke wa mwanasiasa mwingine aliyewahi kuambiwa neno kama lile jikoni kwake.

Kampeni za wakati huo zilikuwa na taratibu zake. Chama kilikuwa kimoja, wagombea wawili. Walizungushwa pamoja kwenye gari moja, wakasimama jukwaa moja, wakazungumza Kiswahili tu, hata pale ambapo bibi zetu husikia Kishambaa peke yake. Kwenye karatasi ya kura mmoja alipewa picha ya jembe, mwingine picha ya nyumba. Wetu alipata nyumba. Sisi wote wakulima, jamani, halafu mtu anapewa nyumba. Lakini picha siilaumu.

Lililomponza ni neno moja. Kila mkutano alisema, "Ni lazima tulime matuta." Lazima. Neno lile lile tulilopelekwa nalo kwa jumbe. Kila alipolitamka, niliwaona wanawake wakivuta khanga zao mabegani, wakimtazama kama mtu wasiyemjua. Mpinzani wake alikuwa mfanyabiashara wa mboga, mtu mcheshi, hana makuu. Aliahidi barabara na zahanati, na alipoulizwa kuhusu matuta alisema, "Hilo tutakaa, tutazungumza." Alikuwa anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini wakafurahi. Jembe likaishinda nyumba kwa mbali.

Sasa Chama kikatangaza mkutano wa shukrani uwanja wa soko. Aliyeshindwa naye alitakiwa asimame, ampe mkono mshindi mbele ya watu. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa mkononi. Mume wangu hasira alikuwa nazo, siwezi kumficha. Aliwahi kupiga meza kwenye kikao cha Lushoto mpaka wino ukamwagika, akatoka bila kuaga. Wale wa barazani kwetu walishaanza kubishana: hatakwenda, akienda atalipuka. Nami nilijua akilipuka mbele ya watu wote, kazi yake yote itasahaulika, na wajukuu wetu watasimuliwa mlipuko huo tu.

Akaenda. Nilimpigia pasi shati jeupe, nikamfuata pamoja na wanawake wenzangu.

Mbunge mpya alianza vizuri. Kisha makofi yakamlevya. "Ile nyumba imeanguka, ndugu zangu," akasema, "na matuta yake yameanguka nayo!" Uwanja mzima ukacheka.

Nikamtazama mume wangu. Mshipa wa shingo ulimsimama. Nyumbani, kabla hajapiga kelele, huvua miwani kwanza. Akaivua. Nikamkamata mkono mwanamke aliyekuwa karibu nami, sijui hata ni nani.

Akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Kisha akasimama, akampa mkono mshindi, akamwita Mheshimiwa, kwa sauti, kila mtu asikie. Halafu akawageukia kina bibi akawasalimu, "Onga mshi," akaendelea kwa Kishambaa. Hakuwa mgombea tena, hakuna wa kumzuia.

"Niliwaambia lazima," alisema. "Neno hilo lilikuwa la Mwingereza. Nililipinga, halafu nikaja nikalivaa mwenyewe. Nisameheni kwa hilo. Lakini udongo ni wenu, na unakwenda. Mimi nitalima matuta kwenye shamba langu, mke wangu akikubali. Akikataa nitalima peke yangu, vibaya."

Watu wakanigeukia wakicheka, maana wote walijua mwalimu yule na jembe haviivi chungu kimoja. Kilikuwa kicheko kingine kabisa, cha watu wa nyumbani.

Bibi mmoja aliyewahi kutozwa faini zamani akapaza sauti kutoka alipokaa. "Mbona siku zote hukutuambia hivi?"

"Nilikuwa nawahutubia, mama."

"Haya," akasema bibi. "Leo umezungumza."

Mbunge mpya alikuwa wa kwanza kupiga makofi, na kwa hilo nampa haki yake. Hakuna aliyeahidi kulima tuta hata moja. Yule aliyesema barazani kwamba hana maneno alinifuata mlangoni mwa soko akisema kumbe maneno anayo. Nikamjibu kwamba anayo, na chai yangu imekwisha.

Tulipanda nyumbani wawili, yeye mbele, mimi nyuma. Kwenye kona ya juu akasimama kunisubiri, akauliza, "Nimesemaje?"

Miaka yote ya siasa, hotuba zote zile, hakuwahi kuniuliza hivyo. Nilipanda mpaka nikamfikia.

"Leo," nikamwambia, "ningekupa kura yangu hata kama usingekuwa mume wangu."