Hodi ya Askari wa Mtaa

Hagongi mlango kama polisi wengine, huyu askari wa mtaa wa Bi Lucille. Hugonga mara mbili kwa kidole kimoja, kisha hurudi nyuma hadi kwenye ngazi na kuvua kofia, ili aliye ndani amwone uso kwanza dirishani. Viganja vyake vipana hunukia biskuti za mbwa. Baraza la mji lilipokutana kujadili ombi la ruzuku ya kuajiri wengine watatu kama yeye, alikaa viti vya nyuma, kofia magotini. Diwani Dwight akapekua karatasi.

"Mwaka mzima umekamata watu wanne tu! Kweli tukaombe ruzuku kwa kazi hii?"

Askari akaizungusha kofia. Bi Lucille, mama yake diwani, ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Dwight, mwanangu, mbwa wa mama yako anaitwa nani?"

Ukumbi ukacheka. Diwani akakuna kidevu. "Si… Buster?"

"Buster alikufa miaka sita iliyopita, we mtoto!" Akageuka nyuma kwa maringo. "Haya, mwambie."

Askari akasimama, masikio yamemwiva kwa haya.

"Clementine," akasema taratibu. "Na ule mguu wake wa nyuma, Bi Lucille, umepona?"