Kiraka cha Ugali

Ugali ukianza kuungua chini ya sufuria, harufu yake hunirudisha kando ya barabara karibu na Lubao, siku zile kiwanda kilipokuwa kikisaga miwa usiku na mchana.

Gari lilikuwa la mjomba, la mashindano, na hakuna lililolishinda mbio kijijini. Mama alimpakata mdogo wangu, aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Mimi nilishika kikapu cha chakula cha hospitali. Matrekta ya miwa yaliziba njia, mjomba akakata kupitia shambani, na kisiki cha muwa kikatoboa rejeta. Mvuke ukafunika kioo chote.

"Weka maji twende," mama alisema.

"Dada, nikimwaga maji baridi sasa, injini itapasuka. Ngoja ipoe."

"Na homa ya huyu, itangoja?"

Mjomba alifungua boneti. Injini ilipopoa, alinyoosha mkono kwenye kikapu changu.

"Nipe hiyo obusuma."

"Hiyo ni chakula ya mtoto," mama alisema.

"Hata gari inakulanga, dada."

Alikanda tonge la ugali, akaziba tundu, akajaza maji ya mtaroni, kisha akalegeza kifuniko ili mvuke usisukume kiraka. Tulipoondoka, ugali ulianza kunukia kama ukoko.

Kiraka kilishika mpaka hospitalini. Kilishika pia jioni tuliporudi, mjomba akiendesha polepole, mdogo wangu akiwa amefunikwa shuka hadi juu ya uso, hatetemeki tena. Njia nzima mama aliutazama mshale wa joto la injini. Haukupanda.