Pete Haiji Peke Yake

Kwetu Mombasa mtu akisema msichana amevishwa pete, mtaa mzima umeshaelewa. Tangu siku hiyo ana pete ya watu, vijana watazame kwingine. Mambo yakiharibika, pete imerudi, na mwenye adabu haulizi zaidi. Marafiki wasioachana ni chanda na pete. Mtoto mtulivu akipewa kizuri tunasema chanda chema huvikwa pete, hata kama alichopewa ni kipande cha halua.

Maneno haya nimekuja nayo mpaka huku Laurel, Marekani, na siyaonei haya. Wasichana wa Nairobi ninaofanya nao kazi kwenye nyumba ya wazee hunicheka. Wao husema "amewekewa ring", basi, imekwisha. Jirani yangu Mkongomani, mtu wa Lubumbashi, husema "bague", kwa Kifaransa chao. Mimi huwaambia semeni mpendavyo, lakini pete ya pwani haivishwi na mwanamume aliyepiga goti mkahawani. Pete ya pwani huletwa na wanawake.

Basi binti yangu alipochumbiwa nilikuwa na kazi ya kufanya. Kijana ni Mmarekani mweusi, Mwislamu, mpole, walijuana chuoni College Park. Mama yake alisoma Kiswahili darasani ujanani, na hukisema polepole, kila neno kwa heshima yake. Nikampigia simu nikamweleza kwamba pete ataileta yeye, si mwanawe, na atamvisha mwanangu kwa mkono wake.

"Nimeelewa, dada," akanijibu. "Nitaileta mimi mwenyewe."

Nikafurahi, nisijue kuwa nimemwambia yote ila lile ambalo kwetu hakuna anayeambiwa, kwa kuwa tumekua tukiliona. Mama wa mume haji peke yake. Huja na dada zake, wifi zake na majirani, masinia vichwani, vigelegele vikimtangulia.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuja kutoka Mombasa kwa ajili ya siku hiyo. Tangu atue alikuwa na neno moja tu: "Umemtoa mtoto wa ndugu yangu kwa watu wasio na desturi. Na mtoto mwenyewe umemlea Kizungu." Aliyasema hayo mbele ya binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila kujibu hujibu kwa Kiingereza. Nilichotaka ni siku ile ipite bila doa, wifi asipate la kurudi nalo Mombasa.

Ilikuwa Jumapili alasiri, kwenye ukumbi mdogo wa majumba tunayokaa. Tulifukiza udi kidogo tu, tukiogopa king'ora cha moshi. Wanawake walijaa, wamependeza. Binti yangu alikuwa chumba cha pembeni, kajifunika leso, maana mwari haonekani mpaka pete iingie.

Gari likaegeshwa nje. Akashuka mwanamke mmoja, kavaa gauni la kijani na kilemba kikubwa, mkono mmoja kashika kisanduku cha pete, mkono wa pili pai ya viazi vitamu. Akaingia, akatoa salamu, akasimama pale mlangoni akitafuta pa kwenda. Hakuna aliyepiga kigelegele, kwa kuwa vigelegele huja na watu wa mume, na watu wa mume walikuwa ni yeye tu.

Wifi yangu akasema, wala hakupunguza sauti, "Haya, pete imekuja kwa miguu yake."

Mama yule alielewa. Niliuona uso wake ukishuka. Nami mwili uliniwaka kwa hasira, na la kufanya silijui, kwani mama wa binti hupokea, hasindikizi. Nikienda upande wake nitakuwa nimejiletea pete mwenyewe.

Mlango wa chumba ukafunguka, akatoka binti yangu na leso yake kichwani.

"Rudi ndani wewe," shangazi yake akamwambia. "Huonekani."

Hakurudi. Alisema kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, "Shangazi, nakuomba. Chukua nusu ya watu hawa uende nje na mama, kisha mwingie naye upya. Leo nyinyi ni watu wake." Halafu akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, tuwie radhi. Wenzako walichelewa."

Akarudi chumbani akafunga mlango. Mimi machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Wa kwanza kuinuka alikuwa jirani yangu Mkongomani. "Miye niko muntu yake," akasema. "Twende." Wakainuka na wengine. Wifi alibaki kakaa akijitengeneza buibui, lakini shangazi akiombwa na mtoto wa ndugu yake siku ya pete hana pa kukimbilia. Alikwenda akaipokea ile pai, akaiweka juu ya sinia letu la halua, akajitwika. Mama yule akauliza, "Na mimi nitembee wapi?" Wifi akamjibu, "Katikati. Wewe ndiye mwenye pete."

Wakatoka mpaka maegeshoni wakazunguka magari kwa vigelegele. Mzee mmoja aliyekuwa na mbwa wake alisimama akavua kofia. Tuliobaki ndani tulifunga mlango, nao wakagonga.

"Nani?" nikauliza.

"Watu wa mume," ikaja sauti ya wifi. "Tumeleta pete."

"Mmekuja wangapi?"

"Hatuhesabiki. Fungua, sinia zito."

Nikafungua. Mama yule aliingia kichwa juu, wanawake mbele na nyuma yake, mmoja kamshikia pindo la gauni. Binti yangu akaletwa, akakalishwa mkekani, na mama mkwe wake akapiga magoti mbele yake akamvisha pete.

Wifi alikuwa bado kasimama upande wa mume, jasho likimtoka. Akamtazama binti yangu, kisha akanigeukia mimi, na akauliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu, kama afanyavyo mtu wa mume aliyekuja kuchunguza:

"Binti huyu kalelewa wapi?"

"Hapa hapa Laurel," nikamwambia. "Na mimi."