Magitaa Yaliyoshtakiwa kwa Uchochezi

Ushawahi kuona muziki usio na maneno ukishukiwa uchochezi? Jumamosi, ukumbini Parklands, bendi ambayo vijana wote wa gitaa wanaiiga ilikuwa ikipiga, hakuna mwimbaji, na sisi mafans tunalia tu. Afisa wa polisi akaingia, akazima spika.

"Huu wimbo unasema nini juu ya serikali?"

"Mashamba yaliyonyakuliwa, afande," dada mmoja akajibu.

"Zii! Ni sisi magraduate tusio na kazi," nikamkatiza.

"Pigeni tena nisikie." Akawasha spika, akasikiliza, kofia mkononi. "Nyinyi hamjui muziki. Hiyo ni nyumba yetu ya polisi: familia mbili chumba kimoja, pazia katikati. Endeleeni."

Wakubwa, jengeni hizo nyumba upesi, kabla afande hajanunua gitaa.