Niliyeachwa Kulinda Mkeka

Mimi sikuchaguliwa kumuuguza mama. Hakuna kikao kilichokaa, wala aliyeniuliza. Mama alipopooza upande mmoja wa mwili, kaka yangu mkubwa alisimama mlangoni na koti lake la ofisini, akamtazama mama, akanitazama mimi, kisha akasema, "Ni bahati, weye uko tu hapa ku nyumba."

Niko nyumbani kwa sababu polio iliichukua miguu yangu kabla sijajifunza kuitumia. Natembea kwa mikono, na nikitoka nje ya ua napanda baiskeli yangu ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Lakini kukaa nyumbani si kukaa bure. Nina cherehani ya mkono, na sare nyingi za shule za mtaa wetu hapa Kamina zimepita chini ya sindano yangu. Kaka alilijua hilo. Hata shati alilovaa siku hiyo nililishona mimi.

Mzigo wa mwenzio, husemwa, ni kanda la usufi. Kumgeuza mtu mzima huku wewe mwenyewe uko sakafuni ni kazi inayotaka akili kuliko nguvu. Nililishusha godoro la mama chini, tukawa kimo kimoja. Nikimwosha nilijiegemeza ukutani, nikamvuta kwa shuka kidogo kidogo, naye akinicheka kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini kwa Kiluba bado aliweza kunitukana vizuri sana. Alisema nina mikono ya mwanamume mponda mawe. Nilimjibu kwamba nimeirithi kwake.

Mwanzoni sikuwa peke yangu kabisa. Akina mama wa kanisa letu walikuja kila wiki, wakafua mashuka na kuimba. Mke wa kaka alituletea maji na, siku za baraka, samaki wa mtoni kutoka Mulongo. Kisha redio ikaanza kutuonya juu ya korona. Kanisa likafungwa, treni ikasimama, watu wakawa wanasalimiana kwa viwiko. Mimi salamu ya kiwiko ingeniangusha kifudifudi. Redio ilisema tunawe mikono na tusishikeshike ovyo. Mikono yangu ndiyo miguu yangu. Nilinawa kwa sabuni, nikashuka kizingiti, nikawa nimeichafua tayari. Watu waliliona hilo. Mwanamke mmoja aliyezoea kuniletea nguo za kushona alimvuta mtoto wake kando, akamwambia nisikie, "Usimuguse. Magonjwa yote ya chini, yeye njo anaokota."

Mashuka yakabaki yangu, maji yakabaki yangu, mama akabaki wangu. Kaka alikuja akasimama nje ya ua, akazungumza akiwa ng'ambo ya uzio kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

"Yaya," nilimwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, "mama anakuita. Ingia hata kidogo."

"Minyi niko na batoto, mudogo yangu. Unaelewa."

Nilielewa. Nilimtetea hata mbele ya mama, nikamwambia mwanawe ana kazi nyingi. Mama alinitazama kwa jicho lake zima, akageuza uso.

Aliyeingia alikuwa jirani yetu mwenye duka la chumvi na sabuni, mwanamke Mwislamu ambaye babu zake walitoka Maniema. Alijifunga kitambaa puani, akajitwika dumu la maji, akalimwaga kwenye pipa letu bila maneno. Siku moja nilimuuliza kama haogopi.

"Ninaogopa," alisema. "Lakini maji haitembei yenyewe."

Kwetu mtoto humtupia mzazi udongo kaburini. Mama alitufundisha hivyo alipomzika bibi: mtoto asiyetupa udongo wake, kilio chake hakiishi. Jioni moja nilipokuwa nikimkanda ule mkono uliokufa, aliniambia kwamba siku yake ikifika nitupe mimi wa kwanza, kwa kuwa mkono wangu ndio anaoujua. Nilimwambia aache maneno ya kaburi, ale bukari yake, ugali usije ukapoa. Lakini niliahidi. Nilimwahidi kwa jina la Vidye, Mungu wa Waluba, na kwetu jina hilo halichezewi.

Kikohozi kilipomwanza hakikumpa nafasi. Alifariki asubuhi, kichwa chake kikiwa pajani pangu. Nesi aliyekuja alisimama mbali, akasema huenda ni korona, huenda siyo, ila tumzike haraka. Hakuna aliyempima, wala aliyenipima mimi niliyekuwa nimepumua pumzi yake miezi yote hiyo.

Hapo ndipo familia ilipozaliwa upya. Simu zililia. Kaka akawa mwenye msiba, akapanga lori, akapanga mahali. Mkewe alikuja akaniwekea kitambaa cheusi mlangoni.

"Mulamu, utushonee bamaski. Bila maski leta haiachie muntu kuingia ku makaburi." Leta kwetu ni serikali.

Nilishona. Mama amelala chumba cha pili, amefunikwa, na mimi nazungusha cherehani, nashona na kukata, nashona na kukata. Nilishona mpaka kitambaa kikaisha. Yangu niliishona kutokana na kitenge cha mama mwenyewe, kile cha ndege wa kijani alichokivaa kanisani. Nilifurahi, na siogopi kulitaja neno hilo. Nilifikiri kwamba angalau kazi hii ya mwisho tunaifanya pamoja.

Asubuhi ya mazishi nilikuwa nimeoga na kuvaa, baiskeli yangu ikiwa imepakwa mafuta, inangoja. Kaka aliingia. Kwa mara ya kwanza tangu korona ianze alivuka kizingiti kile, akachuchumaa mbele yangu.

"Mudogo yangu, leta inakataza. Banaachia bantu kidogo tu, bale ba kuchimba. Hata kwaya haiende."

"Na minyi? Mama aliniomba."

"Ninajua. Lakini nani atakalia mukeka? Weye njo ulikuwa unalala naye. Mukeka yake haiwezi kubakia bule."

Hapo alinipata. Kwetu mkeka wa marehemu hauachwi mtupu mpaka watu warudi kutoka kaburini. Anaukalia mtu wa karibu kuliko wote, na kumpa mtu nafasi hiyo ni kumheshimu. Maisha yangu yote sijawahi kuchaguliwa kwa heshima yoyote katika familia ile. Nilipanda mkekani mwenyewe. Nilivua hata maski yangu, nikaikunja vizuri, nikaiweka kando.

Jirani alikuja akakaa nami. Jua likapanda, moto wa kilio ukaisha ukabaki majivu. Ndipo tuliposikia lori likirudi.

Hawakuwa watu wachache. Walikuwa wamejaa lori, na wengine walikuwa wamepanda pikipiki nyuma yake. Kwaya nzima ilikuwepo, pamoja na akina mama wa kanisa wenye sare, wenzake kaka wa ofisini, hata binamu ambao mama alikuwa amesahau majina yao. Walipanga foleni kwenye ndoo ya maji pale mlangoni wakanawa, na wote walikuwa wamevaa maski zangu. Mshono wangu naujua hata gizani. Nilikaa pale chini nikiiona kazi ya mikono yangu ikipita juu yangu, uso baada ya uso.

Mzee mmoja wa kike wa kanisa aliinama akanishika bega. "Pole, mutoto yangu. Balituambia uko mugonjwa, njo maana haukukuya."

"Nani alisema niko mugonjwa?"

Aligeuza macho kwa kaka, kisha akayashusha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, nikidhani inasemwa juu ya wezi na wachawi. Sikujua inasemwa juu ya mtu aliyenibeba mgongoni kwenda darasa la kwanza, akijigamba njiani kwamba mimi ni mwepesi. Nilimwita mbele ya watu. Nilimuuliza kwa nini. Sikupiga kelele, ingawa nilitaka.

"Bantu banaogopa," alisema chini chini. "Weye ulimushika sana. Bangekuona, hata mumoja hangekuya. Na kule iko muchanga mutupu. Nani angekubeba?"

"Kumbe korona haikuwa ku mukono yangu wakati nilikuwa ninamusafisha?"

Mkewe alisema huu si wakati wa ugomvi, tuheshimu kilio. Wakagawiwa bukari na sombe ya majani ya muhogo, wakala, wakasifu mazishi yalivyokwenda vizuri. Nilisalitiwa na watu walioshiba kwenye ua wangu, na sahani nikaziosha mimi siku iliyofuata, kwa sababu niko tu hapa nyumbani.

Sikumpigia kaka simu wiki nyingi. Kilio changu hakikuisha, kama mama alivyosema. Nilishona sketi nikaunga kiuno mahali pa pindo, nikafumua, nikashona vibaya tena. Mwishowe jirani alilifunga duka lake asubuhi moja, akasema, "Panda. Tunaenda."

Kulikuwa na mchanga kweli, kaka hakudanganya hapo. Jirani alisukuma nyuma, mimi nikazungusha mbele, na pale magurudumu yalipozama nilishuka nikaenda kwa mikono, naye akaiburuta baiskeli tupu. Tulifika wote wawili tumelowa jasho. Mtu angedhani nilihitaji kubebwa na jeshi zima la Base, kambi yetu ya kijeshi.

Makaburi mapya yalikuwa mengi upande ule, matuta ya udongo mwekundu bila msalaba wala jina. Mlinzi wa makaburi alisema wakati ule walizika kwa haraka, hawezi kujua ni yupi. Nikachota udongo kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto nikampigia kaka.

"Yaya, niko ku makaburi. Ya mama njo gani?"

Akasema iko karibu na miti.

"Miti iko pande zote."

"Ulizia bachimbaji."

"Ninakuulizia weye. Weye ulikuwa hapa."

Nilisikia akivuta pumzi. Aliniambia kwamba hakuingia. Alibaki barabarani, kwenye lori, kwa kuogopa ugonjwa.

"Na kwaya?"

"Bote tulibakia ku lori. Baliimba toka kule. Bachimbaji peke yabo njo baliingia naye."

"Nani alimutupia udongo, yaya? Nani ku batoto yake?"

"Hakuna," alisema. "Hakuna hata mumoja."

Nilikata simu. Jirani alikuwa amesimama juu yangu, anajifutia uso kwa ncha ya mtandio. Akaniuliza ni lipi. Nikamwambia kaka hajui, na wala hakuna mtu wetu anayejua. Udongo ulikuwa bado mkononi mwangu, na hapakuwa na mahali pa kuutupa.